Naomba ushauri: mkate wa kumimina na kitabu cha Jumapili

Habari za jioni ndugu zangu. Nafanya kazi ya zamu hospitalini hapa Dar, na watoto bado wadogo. Vinavyonituliza ni viwili tu: kusoma na kuoka. Jumamosi usiku naloweka mchele, asubuhi nausaga na tui zito, iliki, sukari na hamira. Rojo likiwa linaumuka, nakaa barazani na riwaya yangu. Muda huo naupenda kuliko hata usingizi, kweli.

Sasa tatizo. Sina oveni, napalia makaa juu ya mfuniko na mengine yako chini. Mkate unapendeza juu, ila katikati unabaki mbichi, na nikiongeza moto wa chini unaungua. Wazoefu, mnagawaje moto? Sufuria niipashe na mafuta kwanza kabla ya kumimina? Na joto hili la Dar, rojo linachacha upesi, nipunguze hamira?

Pia wapenzi wa vitabu, nitajieni hadithi fupi nzuri za Kiswahili. Riwaya ndefu nikiiacha wiki nzima nasahau wahusika, inabidi nirudi nyuma.

Natanguliza shukrani.