Mrejesho: Wastani wa uzito wa mahindi kwenye R umekaa sawa

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini R, programu ya takwimu, inanipa wastani wa gramu 31 wakati hindi jepesi kabisa nililopima lilikuwa na gramu 142.

Tatizo nimelipata. Kwenye safu ya uzito kulikuwa na kistari kimoja tu, pale ambapo hindi lilikosekana. Nilikuwa natumia toleo la 3.6 la R, na kabla ya 4.0.0 iliyotoka Aprili 2020, read.csv (amri ya kusoma faili la data) ikikuta alama isiyo namba, hata moja, inaigeuza safu nzima kuwa makundi. Mimi nikailazimisha iwe namba kwa as.numeric, nayo ikanirudishia namba za makundi badala ya gramu. Bila onyo lolote! Hilo ndilo lililonitisha, maana kama tofauti ingekuwa ndogo ningempelekea msimamizi wangu matokeo ya uongo.

Uliyeniambia nianze na str(data), amri inayoonyesha aina ya kila safu, Mungu akubariki sana. Neno Factor, yaani makundi, lilijitokeza palepale mbele ya uzito. Nimesoma faili upya kwa kuweka na.strings = "-" ili kistari kisomwe kama data iliyokosekana, na kwenye mean (amri ya wastani) nikaongeza na.rm = TRUE ili iruke palipokosekana. Wastani umekuja 238. Mistari 10 ya mwanzo nimeihakiki kwa kikokotoo, imelingana.

Waliosema ninunue tena leseni ya programu ya zamani, nawashukuru, lakini nabaki na R. Toleo jipya nimeshalipakua, bure kabisa, na aov (uchambuzi wa kulinganisha wastani) ya mbolea tatu inaendelea vizuri.