Tableti ya kurukia: mjomba ananiuzia ya Wi-Fi pekee. Itanifaa Wilson hadi Kisumu?

RubaniWaKondele
Hamjambo wazee. Mimi ni mwanafunzi wa urubani, nyumbani Kondele, Kisumu, shule iko uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Mwalimu amesema nikikamilisha masomo ya kupanga njia, safari yangu ndefu ya peke yangu itakuwa Wilson hadi Kisumu na kurudi, kwenye ndege ndogo aina ya Cessna 172. Mama ameshatangaza kwenye chama chao na wanapanga kuja kunipokea uwanjani, kwa hivyo kupotea sina ruhusa.

Sasa mjomba wangu ana iPad ya inchi 10 anayotaka kuniachia kwa bei ya kindugu. Ni ile ya Wi-Fi pekee, haina mahali pa laini. Nimeijaribu hapa mtaani na ile alama ya bluu inakaa palepale nilipo, hata kona ya duka inaiona. Wenzangu wanasema ukiwa na tableti huna haja ya kuhangaika na ramani ya karatasi, rula na kile kikokotoo cha duara. Je, huko juu itanionyesha njia? Na mwalimu akikataa nisipande nayo, nimwambieje akubali?

SukariYaChemelil
Usinunue. Hapo Kondele inajua ilipo kwa sababu ya Wi-Fi za majirani. Ni kama boda anayejua njia kwa kuuliza kwenye vibanda: vibanda vikiisha, amepotea. Juu ya milima ya Mau hakuna kibanda.

FundiWaNdege_Ksm
Sukari amesema kweli, niongeze kidogo kwa sababu watu wengi hukwama hapa.

iPad ya Wi-Fi pekee haina kipokezi cha GPS ndani yake. Ile yenye mahali pa laini ndiyo yenye kipokezi. Wala huhitaji kuweka laini, sembuse bando: GPS ni kusikiliza setilaiti tu, hakuna unachotuma wala unacholipia. Bando unalihitaji ukiwa chini, kupakua ramani kabla hujawasha injini. Usitegemee intaneti ya hewani. Minara ya simu imeelekezewa watu walio ardhini.

Kwa tableti za Android mambo ni tofauti. Nyingi za Wi-Fi pekee zina GPS ndani, nyingine hazina, kwa hivyo soma maelezo ya modeli yenyewe kabla ya kutoa pesa. Kipimo rahisi: zima Wi-Fi na data, toka nje mahali penye anga wazi, tembea. Alama ikikufuata, kipokezi kipo.

Kama bei ya mjomba ni nzuri mno kuiacha, kuna vipokezi vya GPS vya pembeni vinavyoungana na tableti kwa Bluetooth, kama Bad Elf au Garmin GLO. Lakini jumlisha bei ya hicho kidude kwanza, huenda ukapata iPad mini ya mitumba yenye kila kitu. Na mini ndiyo saizi ya 172. Ya inchi 10 ukiifunga pajani, usukani ukiuvuta hadi mwisho unaigonga. Kaa kwenye kiti ndege ikiwa imeegeshwa, vuta na uzungushe usukani hadi kila mwisho, uone.

MzeeWaLanet
Kijana, salamu kutoka Nakuru. Nimefundisha watu kuruka tangu kabla ya vioo hivi kuingia kwenye ndege, kwa hivyo mnisamehe nikienda polepole.

Swali lako la mjomba limejibiwa. Mimi nataka lile la mwisho. Usimwambie mwalimu lolote ili akubali. Safari hiyo imewekwa ili uonyeshe kwamba unaweza kujua uliko kwa saa, dira na macho yako. Akikuruhusu uwe na tableti kwenye begi kama akiba, shukuru. Akikataa, shukuru vilevile.

Hebu tuitazame njia yenyewe. Wilson iko futi 5,500 na ushei, Kisumu 3,700 na ushei, na katikati kuna Bonde la Ufa halafu Mau, ambayo sehemu nyingine inakaribia futi 10,000. Ni kama maili 145 za baharini, saa moja na dakika ishirini hivi kwa 172 upepo ukikuhurumia. Ukitoka Wilson, milima ya Ngong na Suswa inakaa kushoto na Longonot kulia. Mau unaijua kwa msitu, na ukiuvuka unaanza kuona chai. Kericho iko karibu chini ya mstari wako kabisa. Baada ya hapo nchi inaporomoka: kulia kwako ni miwa ya Muhoroni na Chemelil, na reli iliyofika ziwani mwaka 1901 inashuka kukutana nawe. Mbele ni mashamba ya mpunga ya Ahero, kisha maji. Ziwa Viktoria halikosekani. Hata ukienda kombo kwa nyuzi moja, baada ya maili 60 uko pembeni kwa maili moja tu, na kutoka hapo juu unaiona Kisumu bado.

Tena sisi wa kando ya ikweta tuna bahati ambayo rubani wa Ulaya hana. Dakika ya longitudo huku ni karibu sawa na ya latitudo, yaani maili moja ya baharini, mita 1,852. Rula ikianguka chini ya kiti, pima kwa ukingo wowote wa ramani. Na tofauti kati ya kaskazini ya kweli na kaskazini ya dira haifiki nyuzi mbili. Njia gani nyingine ingekuwa rahisi hivi kujifunzia?

Kinachonisumbua kuhusu tableti kwa mwanafunzi ni macho. Alama ya bluu inavuta macho ndani ya ndege. Katika hali ya hewa nzuri macho yako ni ya nje. Ndege nyingine hazionekani kwenye ramani yako, na pale Kisumu kuna korongo wenye mabawa mapana kuliko kitanda chako.

HapanaKaratasi
Mzee wangu kwa heshima zote, mnamtisha kijana. Ramani ya karatasi ya eneo letu ukiitafuta unaletewa toleo la miaka iliyopita, imekunjwa mpaka mji mzima umepotelea kwenye mkunjo. Tarehe za mabadiliko ya taarifa za anga duniani ziko katika mzunguko wa siku 28. Nani anachapisha karatasi kila siku 28? Tableti unaifungua asubuhi, inakuambia taarifa zimepitwa na wakati, unapakua, basi. Na ukitaka kuepa wingu zito ukaenda kombo, inakupa mwelekeo mpya na dakika zilizobaki papo hapo. Mwanafunzi akifanya hesabu hiyo kwa kikokotoo cha duara huku ndege inarushwarushwa, macho yake yako wapi? Si ndani vilevile?

MzeeWaLanet
Hapo umenibana. Hesabu ndefu hewani ni mbaya kwa njia yoyote. Ndiyo maana sisi tunafundisha makadirio ya kichwa: robo ya njia, nusu ya njia, umechelewa dakika ngapi. Na ramani ya zamani siitetei. Lakini mlima haubadiliki kila siku 28. Kinachobadilika ni masafa ya redio, mipaka ya anga na viwanja vilivyofungwa, na hayo unayapata kwenye NOTAM, yaani matangazo rasmi kwa marubani, na ofisini kabla ya kuondoka, uwe na karatasi au kioo.

NjiaYaMagharibi
Mimi ni rubani wa ndege aina ya Caravan, viwanja vidogo vya magharibi ndiyo kazi yangu. Tableti ninayo kila siku na sioni ubaya wake, ila tuongee mambo yanayoua tableti huku kwetu.

La kwanza ni joto. Apple wenyewe wanasema iPad itumike kati ya nyuzi 0 na 35. Ukiwa futi 10,000 hakuna shida, kuna ubaridi. Shida iko chini. Umeegesha Kisumu saa saba, jua liko utosini, ndege imefungwa, tableti uliiacha juu ya dashibodi. Ukirudi inakupa onyo la joto na inakataa kufanya kazi mpaka ipoe. Ikiwa imechomekwa kwenye chaji na mwanga wa skrini umeupandisha hadi mwisho, ndiyo mbaya zaidi. Shuka nayo, iweke kivulini, na ikichemka hewani toa kifuniko chake na uielekeze kwenye tundu la hewa. Friji hapana, usiiweke, inaingiwa na unyevu.

Miwani pia. Ile ya jua yenye polaraizi, ukiigeuza tableti upande fulani skrini inakuwa nyeusi kabisa. Jaribu dukani na miwani yako usoni.

Halafu programu. Watu wanatajiwa majina kwenye video za Marekani wanakimbilia kulipa. Avare kwa mfano ni ya bure lakini ramani zake ni za Marekani. ForeFlight inataka kifaa cha Apple na malipo ya mwaka, na kabla hujalipa hakikisha kifurushi unachochagua kina Kenya ndani yake. Yoyote utakayochukua, tafuta kwenye hiyo programu Kisumu, Kakamega na Kitale uone kilichoandikwa, kisha linganisha na taarifa rasmi za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Ukikuta tofauti, ya KCAA ndiyo ya kufuata.

Jingine ambalo naona limerukwa: urefu. Tableti inaonyesha urefu wa GPS. Mnara wa kuongozea ndege na ndege nyingine wanaenda kwa kipimo cha shinikizo la hewa kilicho kwenye paneli yako ya vipimo. Hizo namba mbili hazitalingana, na kwa siku ya joto tofauti inaweza kuwa mamia ya futi. Ukiripoti urefu kwa redio, soma paneli.

RubaniWaKondele
Asanteni sana, kumbe nilikuwa nanunua kioo cha kutazamia filamu. @NjiaYaMagharibi, sasa nyinyi wa ndege za abiria mnaruhusiwa kuacha karatasi kabisa? Maana mwenzangu anasema kampuni kubwa zilishaacha.

NjiaYaMagharibi
Kampuni inaruhusiwa baada ya kuithibitishia mamlaka mambo mengi: vifaa viwili, betri, jinsi vinavyofungwa, utaratibu wa kimoja kikizima, mafunzo ya marubani. Si kwamba rubani alitoka dukani na iPad.

Na hao wakubwa pia yamewakuta. American Airlines walikuwa wameondoa mabegi ya ramani yenye uzito wa kilo 16 hivi kwenye ndege zao zote kufikia 2013. Aprili 2015 programu ya ramani ikagoma kwenye iPad za marubani na makumi ya safari zikachelewa, nyingine ndege zikarudi kwenye geti kutafuta Wi-Fi. Chanzo kilikuwa ramani moja ya uwanja wa Reagan huko Washington iliyojirudia ndani ya programu. Dawa yake ilikuwa kuifuta na kuipakua upya. Tableti ya rubani na ya msaidizi wake zilikuwa na kasoro ileile, kwa hivyo kuwa na mbili hakukusaidia.

Ndiyo maana kwenye Caravan bado ninaandika. Nikipita alama, naandika saa kwenye karatasi iliyo pajani. Kioo kikizima najua nilikuwa wapi dakika chache zilizopita, na kutoka hapo ni dira na saa.

HapanaKaratasi
Hiyo ya kuandika saa nakubali. Ila jina langu sibadilishi.

SukariYaChemelil
Mvua jamani, hakuna aliyetaja mvua. Mchana Nandi na Kericho zinajikusanyia mawingu, na hiyo ni kati ya sehemu zinazopigwa mvua ya mawe zaidi duniani, muulize mwenye chai. Rangi nzuri za kwenye tableti hazina rada ya kwetu. Toka Wilson asubuhi, na ya kurudi usiiache mpaka alasiri.

RubaniWaKondele
Chama cha mama kitaambiwa kije mapema basi. Uamuzi wangu: ya mjomba naiacha, natafuta mini yenye mahali pa laini, na siku ya safari itakaa kwenye begi mwalimu akiruhusu. Karatasi naanza kuchora wikendi hii. Swali la mwisho kwa fundi: nikianza kuitumia baadaye, naweza kuifunga kwenye kioo cha mbele karibu na dira? Na chaji je, nitumie ya gari?

FundiWaNdege_Ksm
Karibu na dira hapana. Spika na vifuniko vya iPad vina sumaku, na dira ya 172 inaning'inia hapohapo juu ya paneli. Ukitaka kuona, washa injini, soma dira, leta tableti, soma tena. Ikisogea hata kidogo, tafuta mahali pengine. Dirisha la pembeni kwa kishikilio cha kunyonya ni sawa, mradi hakizibi unakotazama ukiwa unakata kona kwenda kutua. Safisha kioo cha dirisha kwa kitambaa laini na maji, si petroli wala spiriti, maana ni plastiki na itapasuka nyufa ndogondogo.

Chaji ya gari angalia kilichoandikwa mgongoni. 172 za zamani zina umeme wa volti 14, za baadaye zina 28. Baadhi ya chaji za gari za bei rahisi ni za 12 pekee, ukiichomeka kwenye 28 unanusa moshi. Nunua iliyoandikwa 12 hadi 24, au 12 hadi 32 ikipatikana. Pawabanki ni sawa pia, iwe mahali unapoweza kuifikia kwa mkono ukiwa umefunga mkanda. Na ikiwa imevimba, hata kidogo, iache nyumbani.