MREJESHO: Ile almasi yenye ukingo mwembamba

Wakuu, asanteni sana kwa ushauri. Niliuliza kama almasi ya pete ya uchumba, ambayo cheti chake kinasema ukingo, yaani ule mkanda unaolizunguka jiwe katikati, ni mwembamba kupita kiasi hadi wa wastani, itahimili kazi za mikono. Mchumba wangu analima viazi Uyole, na pete hatavua, namjua.

Nilimpelekea sonara mmoja hapa Mwanjelwa. Akanipa lenzi inayokuza mara 10 niangalie mwenyewe pale nusu ya juu ya jiwe inapokutana na ya chini. Upande mmoja ukingo ni mstari mweupe unaoonekana wazi. Ukilizungusha taratibu, unapungua, unapungua, mpaka yanabaki makali ya wembe. Hapo ndipo penye hatari. Kwa ugumu almasi ni namba 10 kwenye kipimo cha Mohs, kuikwaruza ni shida kweli, lakini ina mielekeo minne ambayo hupasuka kirahisi, na ikigongwa vibaya pale pembamba inabanduka kipande.

Waliosema nitafute yenye ukingo mnene nimewasikia. Ila mnene sana nao una hasara: uzito unajificha pembeni, unalipia karati ambazo ukiitazama pete kwa juu huzioni.

Hili jiwe nalipenda, linawaka vizuri mno. Tumekubaliana badala ya kucha nne za kushikilia jiwe, dhahabu izunguke jiwe lote na kufunika ukingo. Mpini wa jembe utagonga dhahabu kwanza. Sonara ameshaanza kazi; pete ikitoka nitaweka picha.