Mrejesho: Kamera yangu ya kwanza ya DSLR na lenzi zake

Ndugu zangu wa Bagamoyo na kwingineko, niliwauliza ninunue DSLR (kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha) gani kwa shilingi milioni moja, ya kupigia milango ya Mji Mkongwe na sherehe za jioni, na wengi mkanishauri nibane matumizi kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ili fedha ibaki ya lenzi. Nimechukua Canon EOS 700D iliyotumika pamoja na lenzi yake ya milimita 18-55, kisha nikaongeza ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi huingia).

Nikon D3300 niliishika pia, na ni nzuri, ila bodi yake haina mota ya kufokasi (kuilenga lenzi ili picha itoke kali), hivyo lenzi za zamani za AF-D, zinazotegemea mota ya bodi, ningezifokasi kwa mkono. Wanaosema hilo si tatizo nadhani hawajawahi kumfuata bibi harusi anayetembea.

Lenzi ya 50, kwa kuwa sensa (kipande kinachonasa picha) ya 700D ni ndogo, huona kama ya milimita 80 kwenye kamera ya sensa kubwa, yaani huona eneo dogo zaidi. Inapendeza mno kwa sura za watu, na katika taa hafifu za ukumbini f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, ambayo ndiyo ya ile 18-55 ikivutwa hadi mwisho. Kwenye vichochoro, hata hivyo, naegemea ukuta wa pili na bado kizingiti cha mlango kinakatika, hivyo narudi kwenye milimita 18 ya ile lenzi ya kwanza, inayoona kwa upana zaidi.

Kwa aliyenionya kuhusu kuvu inayoota ndani ya lenzi: nilimulika tochi ndani ya kila lenzi kabla ya kulipa, na moja niliikataa kwa kuwa ilikuwa na nyuzi kama utando wa buibui. Hizi zangu nazihifadhi katika kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu.