Ziara za shule hapa Mwanza ni mradi wa watu, sisi wazazi ni mtaji tu

Wakuu, uzi huu utakuwa na maneno makali, nisameheni mapema. Nina mtoto kidato cha tatu kwenye shule moja ya binafsi hapa Ilemela. Jina lake silitaji, ila wenye watoto pale mtaijua tu.

Barua ilikuja: "ziara ya kimasomo", shilingi 45,000 kwa kila mwanafunzi. Siku moja, vituo vitano: daraja la Kigongo–Busisi, makumbusho ya Bujora, kisiwa cha Saanane, jiwe la Bismarck, halafu "mapumziko" Rock City Mall. Mtu yeyote anayeijua Mwanza akisoma orodha hiyo anaona kabisa kwamba aliyeipanga alihesabu vituo, saa hakuzihesabu. Daraja liko njia ya Sengerema, Bujora iko Kisesa njia ya Musoma, na Saanane unapandia boti Capri Point. Bado watoto zaidi ya 60 wapande, washuke, wajisaidie, wale.

Sasa sikieni ilivyokwenda. Kigongo walishushwa, wakapiga picha, wakapandishwa. Daraja la kilomita 3 juu ya ziwa, limezinduliwa Juni 2025, watoto wa fizikia wamesimama mbele yake na hakuna mtu wa kuwaeleza hata nguzo zimesimikwaje majini! Hakuna aliyewaambia kwamba juzi juzi tu hapo wagonjwa walikuwa wanasubiri kivuko wakiwa ndani ya gari.

Kutoka hapo, dereva mwenye akili anakata Usagara, anapita ile lami ya mchepuko, anatokea Kisesa. Wao wakarudi mjini, eti chakula kilikuwa kinachukuliwa huko. Buhongwa, Mkuyuni, Buzuruga, foleni yote hiyo wakaila. Igoma wakapita wamelala. Igoma! Pale wamezikwa watu wa meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na humo ndani ya basi nina uhakika wapo watoto ambao babu au shangazi zao wako pale. Kituo hicho hakina hata kiingilio, labda ndiyo maana hakikuwekwa kwenye barua.

Bujora ndiyo iliyoniuma zaidi. Padri David Clement, Mkanada, alikusanya pale vitu vya Wasukuma ambavyo leo usingevipata popote. Kuna nyumba imejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, yaani chifu wa Kisukuma, ndani ngoma za watemi. Kuna habari ya Bagika na Bagalu, namna wacheza ngoma wa usukumani walivyogawanyika pande mbili na kushindana hadi leo kwenye sikukuu ya Bulabo kila Juni. Hapo mwongozaji anahitaji saa mbili na anastahili kusikilizwa. Walipewa nusu saa. Binti yangu, Msukuma wa baba na mama, amerudi anasema ameona nyoka. Basi, nyoka.

Saanane hawakufika. Muda ulikuwa umekwisha. Na hapa ndipo penye pesa, wakuu. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2013, iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, huwezi kuingia kwa kumpa mtu noti mkononi. Unalipia kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, na risiti inatoka. Viwango vya watoto vinaishia miaka 15, kwa hiyo kidato cha tatu wengi wao wanahesabiwa watu wazima, na hiyo ndiyo sababu tuliyopewa ya mchango kuwa mkubwa. Sawa. Kama hawakuingia, hela ya kiingilio na boti iko wapi? Kama walilipia kabla, risiti iko wapi? Niliuliza swali hilo kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, kwa adabu kabisa, na admin akafunga grupu tuwe tunasoma matangazo tu.

Badala ya Saanane wakaenda mwalo mmoja, wakakodi boti ya mtu "wazungushwe Bismarck". Saa kumi na moja jioni, upepo umeanza, jaketi okozi hazikutosha, wengine wakaambiwa washikane. Kwenye ziwa hili! Baada ya Bukoba, baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama kule Ukara Septemba 2018, mwalimu mzima anamwambia mtoto wa watu ashikane na mwenzake. Jiwe lenyewe linaonekana vizuri tu kutoka ufukweni karibu na gati ya Kamanga, bure. Mngekaa pale chini, mwalimu wa jiografia aeleze graniti inavyomenyeka hadi mawe yakabaki yamepandana, mwalimu wa historia aeleze kwa nini jiwe la ziwani kwetu lina jina la Chansela wa Ujerumani aliyeitisha mkutano wa Berlin wa 1884–85, ambao hao watoto wanaukariri darasani. Hayo hayahitaji boti wala 45,000.

Kuna atakayesema nisimseme mwalimu, kazi yake ngumu. Namheshimu mwalimu. Ila mwalimu, mke wa mwalimu na mtoto wa mwalimu wote walikuwa kwenye basi, na hawakuchangia.

Sasa wametangaza nyingine ya muhula ujao: Serengeti kupitia lango la Ndabaka PAMOJA na Butiama kwa Mwalimu Nyerere, kwenda na kurudi siku moja, kwa Coaster. Ndabaka kwenyewe ni udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha Coaster inalala hapo hapo. Butiama unaendelea mbele hadi Makutano ndipo uache barabara kubwa. Kurudi ni usiku, dereva mmoja.

Mimi nimeandika barua: nataka ratiba yenye saa, mchanganuo wa mchango, kibali cha afisa elimu, jina la dereva wa pili, na risiti ya Saanane. Visipokuja, binti anabaki nyumbani. Wazazi wenye watoto pale, nani yuko tayari kusaini na mimi kabla ya Ijumaa? Njooni PM.