Mnaokuja kututembelea ughaibuni: likizo ni yenu, sisi tuko kazini

Wakuu, naombeni nitoe dukuduku kabla sijapasuka. Niko Paris kimasomo, mwaka wa pili huu, na jioni nina kibarua. Tangu joto lianze nimepokea wageni mara nne. Hawa wa mwisho wamenimaliza kabisa.

Jamaa nimesoma naye toka sekondari. Akasema anakuja na mkewe siku nne, halafu wataendelea na safari. Nilifurahi jamani, sitawadanganya. Kwa ajili ya visa wakahitaji cheti cha mwenyeji kutoka ofisi ya manispaa. Kwa msiokijua: unakwenda mwenyewe, umebeba mkataba wa nyumba na uthibitisho wa kipato, unasaini kwamba utawalaza na kwamba wakiishiwa, gharama za kukaa kwao ni juu yako. Jamaa akaniambia, "Kaka, andika wiki tatu, kwa usalama tu." Nikaandika. Mjinga mimi.

Visa ya Schengen inakufungulia nchi 29 za Ulaya. Ishirini na tisa! Wao wakaona zote zimo sebuleni kwangu. Wiki tatu wamezimaliza hadi siku ya mwisho. Na msiniletee ile methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Nakaa ghorofa ya sita, bila lifti, wakalime wapi?

Kabla hawajaja niliwaandikia ujumbe mrefu: makumbusho ya Louvre Jumanne hawafungui, kasri la Versailles na makumbusho ya Orsay Jumatatu hawafungui, kateni tiketi mapema kwenye mtandao. Nikajibiwa kwa kidole gumba. Jumanne saa nne asubuhi niko darasani, simu inatetema mara ya tano, natoka nje kupokea. "Kaka, mbona umetuelekeza kulikofungwa?" Wamesimama mbele ya piramidi la vioo pale Louvre wamenuna, na mwenye kosa ni mimi.

Kesho yake ikabidi nikose kipindi niwapeleke. Tumepanga foleni, tumesukumana na umati hadi mbele ya Mona Lisa. Wenyewe mnajua, picha ina sentimita 77 kwa 53 na iko nyuma ya kioo. Shemeji akaitazama, akanigeukia: "Ndiyo haka?" Nikajikuta naomba radhi, utadhani nimekichora mimi.

Mnara wa Eiffel ndiyo usiseme. Nimeshaupanda na kila mgeni, sina hamu nao tena. Tiketi za lifti za siku ile zilikuwa zimeisha (nani aliambiwa akate mapema?), jamaa akasema twende kwa miguu. Ngazi 674 mpaka ghorofa ya pili ya mnara, mimi nimebeba mkoba wa shemeji na chupa za maji, kila kituo nasimama kupiga picha. "Rudia, nimefumba macho." Tukashuka, nikaenda kazini moja kwa moja. Narudi usiku wa manane, napanda ghorofa zangu sita, nakuta wamelala na taa zote zinawaka.

Halafu kuna suala la maji ya moto. Tangi langu linapasha usiku, yakiisha yameisha mpaka kesho. Nilieleza mara tatu, kwa upole. Kila asubuhi jamaa anaoga nusu saa huku anaimba, mimi naingia nakutana na barafu. Siku moja nikaamua kutangulia. Nikaambiwa, "Siku hizi umekuwa mchoyo hata wa maji?"

Kilichoniuma zaidi ni walipofika nyumbani. Picha zimerushwa kila mahali, "Paris tumeimaliza", hata jina langu halimo. Pembeni huko watu wanasimuliwa kwamba nimebadilika, nimekuwa mzungu, nilikuwa nawaacha peke yao mchana kutwa. Sasa mchana nisingeenda darasani, ukaazi wangu angeulinda nani? Kibali changu cha masomo kinaongezwa kwa kuonyesha kwamba nasoma kweli, siyo kwa kuonyesha picha za mnara.

Leo asubuhi nimeamka na ujumbe wake. Mdogo wake anataka kuja Desemba. "Kile cheti cha manispaa kaka unajua kinavyopatikana, hutapata shida."

Sijajibu. Mliowahi kukataa mgeni na bado mkabaki ndugu, mlisemaje? Nipeni maneno kamili, niyanakili yalivyo.