Wakili wa kaka anataka tusaini, nifanyeje?

Kitindamimba
Habari zenu wakuu. Baba alifariki mwaka jana, mahakama ikamteua kaka yetu mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi. Hakuna aliyempinga. Marehemu ameacha nyumba mbili (moja anaishi mama, nyingine ina wapangaji), gari, akaunti ya benki na mafao ya kazini. Kodi anapokea kaka tangu msiba. Tukiuliza, jibu ni lile lile: "Mambo yako kwa wakili, subirini."

Juzi kaka kaleta karatasi za wakili tusaini. Juu imeandikwa "Makubaliano ya Familia". Ukurasa wa tatu unasema warithi "wameridhika na mgawanyo na hawana dai lolote sasa wala baadaye". Mgawanyo wenyewe haupo! Pale panapotakiwa orodha ya mali pana mistari mitupu. Kaka anadai huyo ni wakili wa familia, na kwamba anayechelewesha saini anawabania wenzake.

Halafu dada kakuta daftari la baba, ndani kuna ukurasa kwa mwandiko wake unaotaja nani apewe nini. Hauna mashahidi. Sitaki kumburuza kaka mahakamani. Nisaini? Na nikitafuta wakili wangu, si nitaonekana nimetangaza vita?

Shemeji Mpole
Saini yaishe. Kaka mkubwa ni baba. Kesi za mirathi watu wanazeeka nazo.

Karani Mstaafu
Shemeji, kwa heshima zote, wanaozeeka na kesi wengi ndio hao waliosaini yaishe.

Mdogo wangu, karatasi yenye mistari mitupu haisainiwi, hata akiileta mama mzazi. Nimefanya kazi masjala ya mahakama hadi nikastaafu, na huo mstari wa "hawana dai lolote" nimeuona ukitolewa mbele ya hakimu dhidi ya watu waliosaini bila kusoma. Kuutengua baadaye kunawezekana, ila utatoka jasho.

Kuhusu "wakili wa familia": muulize kwa maandishi, "Je, unaniwakilisha mimi?" Basi, usiongeze neno. Aliyeajiriwa na msimamizi humtetea msimamizi, na hiyo si dhambi. Ubaya ni ninyi kudhani ni wenu.

Kaka si mmiliki, ameshikishwa tu. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na gharama halali (za mazishi zimo), kisha kugawa na kupeleka hesabu mahakamani. Kodi ya wapangaji ni mali ya mirathi, lazima ionekane humo. Msimwite mwizi bado. Huenda katoa fedha zake mfukoni na anastahili kurudishiwa, ila risiti zitasema. Nenda masjala na namba ya shauri, omba kusoma faili. Tazama kama orodha ya mali na hesabu zimeletwa, maana vyote vina muda wake kisheria, na anayetaka kuongezewa muda hutoa sababu.

Mafao yaulizeni kazini kwa baba. Pengi hulipwa moja kwa moja kwa aliyeandikishwa, hayapiti kwenye mirathi kabisa. Na nyumba ya mama, kabla hamjaipigia hesabu, someni hati. Ikiwa jina lake limo, au alichangia kuijenga, huenda sehemu yake haikuwa ya marehemu hata siku moja. Hapo ndipo watoto wengi wanapogawana mali ya mtu aliye hai.

Daftari: msichane ule ukurasa, msibane pini, msiandike chochote juu yake. Upigeni picha, kisha mahakama ijulishwe, kwa sababu kaka aliteuliwa kwa imani kwamba wosia haupo. Ziko nchi zinazodai mashahidi, ziko zinazokubali mwandiko mtupu. Aretha Franklin, yule mwimbaji wa Marekani, alipofariki 2018 ilidhaniwa hakuacha wosia. Mwaka uliofuata yakapatikana maandishi yake, mengine kwenye daftari chini ya mto wa kochi. Wanawe wakavutana hadi Julai 2023, baraza la wazee wa mahakama huko Michigan lilipokubali yale ya 2014. Neno la mwisho si la kaka wala la wakili wake.

Wakili Mwenzenu
Naongeza kidogo. Kitindamimba, si lazima umpe wakili kesi nzima. Mwombe asome hiyo hati na akuandikie barua moja. Gharama mkubaliane kwa maandishi kabla hajagusa chochote, na akidai asilimia ya urithi wako kwa kazi ya barua, aga uondoke. Kama huna uwezo, ulizia msaada wa kisheria. Vyuo vingi vinavyofundisha sheria vina dawati la bure.

Vita haijatangazwa. Upatanishi upo, na mkikubaliana, makubaliano yasajiliwe mahakamani yawe amri. Kumwondoa msimamizi ni hatua ya mwisho kabisa. Kabla yake unaweza kuomba mahakama imwamuru alete hesabu tu.

Kitindamimba
Asanteni sana. Nimemtumia wakili lile swali. Kajibu kwa maneno mawili: "Namwakilisha msimamizi." Kaka kapiga simu amefura, mama analia. Nimwandikieje bila kuchoma nyumba?

Karani Mstaafu
Mwandikie kama mdogo wake, mambo yote yawemo:

"Shikamoo kaka. Sijakataa kusaini. Naomba kwanza nipate orodha ya mali na madeni, hesabu ya kodi tangu baba alipofariki, na risiti za ulichotumia ili nawe urudishiwe. Daftari la baba analo dada, na tunaomba wakili wako aijulishe mahakama. Nikishasoma vyote tukae na mama tuzungumze."

Weka tarehe, nakala wape ndugu wote na huyo wakili. Na mama atafutiwe wa kumsomea hiyo hati ya nyumba, asiye mtoto wake yeyote.